Uso wa Msibani

Daktari alimuuliza Ndelilio anataka usingizi upi, kwa sauti ileile ambayo mtu wa mgahawani huuliza chai ya rangi au ya maziwa. Upo usingizi kamili na upo usingizi mwepesi, alisema, na kwa kovu la namna hii wowote unafaa. Ndelilio, mama wa miaka hamsini na sita kutoka Kilema, hakuwahi tangu azaliwe kuulizwa alale vipi. Akamtazama mumewe. Leodegar alikuwa anaangalia viatu vyake, na nani angemlaumu? Mwanaume amezoea kuulizwa habari za kahawa na mbolea, leo anaulizwa mke wake azimwe kabisa au azimwe kidogo.

Walikuwa wameshachoka hata kabla ya kufika mbele ya huyo daktari. Pale mapokezi karani alisoma barua yao, akainua kichwa, akauliza kwa sauti ya mnadani kama huyu mama ndiye wa upasuaji wa urembo. Benchi zima likageuka. Ndelilio akavuta kanga kufunika shavu la kushoto, na Leodegar akasema kwa ukali kwamba si urembo, ni kovu. Karani akamjibu kwa ule upole unaoudhi kuliko tusi: kwenye kompyuta hakuna sehemu ya kovu, kuna urembo, na bima hailipi urembo. Basi mama wa watu akaandikwa urembo, na wagonjwa wenzake wakapata cha kuangalia mpaka alipoitwa ndani.

Kovu lenyewe lilianzia chini ya jicho likashuka hadi kwenye pembe ya mdomo. Miaka hamsini iliyopita, katika kukauka kwake, liliivuta pembe ile juu ikabaki hukohuko. Kwa hiyo Ndelilio alikuwa anacheka muda wote. Akinunua chumvi anacheka, akiumwa jino anacheka, akisali Baba Yetu anacheka. Wageni walimwona mama mchangamfu, na majirani walikuwa wameshamzoea. Taabu yake ilikuwa misibani.

Daktari Shamsia alikuwa bingwa wa upasuaji wa uso anayekuja Moshi mara mbili kwa mwaka, wiki moja tu kila safari. Yeye mwenyewe alipenda ule mwepesi, akaeleza sababu bila kuzunguka. Wakati wa kulegeza kovu angependa kumwomba Ndelilio atabasamu, afunge mdomo, anune, ili aone kama pande mbili zinalingana. Akiwa amelala fofofo itabidi akisie. Hata hivyo, alisema, anajua kukisia.

Kuhusu usingizi aliyeeleza zaidi ni mtaalamu wa dawa za usingizi, Mikidadi, mzaliwa wa Rau hapohapo Moshi, mtu wa makamo mwenye kofia ya kijani na sauti ya polepole. Kwenye usingizi kamili, alisema, unawekewa mpira kooni na mashine inakusaidia kupumua, hujui kitu mpaka uamshwe. Kwenye ule mwepesi unapewa dawa ya mshipa, unasinzia, unapumua mwenyewe, na shavu linachomwa sindano ya ganzi. Leodegar aliuliza, na ataamka? Mikidadi akasema ataamka. Baada ya muda Leodegar akauliza tena. Mara ya tatu Mikidadi akavuta kiti akakaa kabisa, akamjibu kama ndiyo kwanza anaulizwa.

Ndelilio alikuwa na swali moja tu.

"Huo mwepesi, nitasikia?"

"Maumivu hapana, mama. Sauti labda, kwa mbali, kama redio ya jirani."

Wakaambiwa waende nyumbani wakafikirie, kazi itafanyika Ijumaa, siku ya mwisho ya daktari.

Nyumbani Kilema walikuta Bibi Margareta, mama yake Leodegar, amekaa barazani anasubiri majibu. Ana miaka themanini na minne na meno yake yote ya mbele. Yeye ndiye aliyeuza mtamba wake ili upasuaji ufanyike, na hakuficha sababu. Mimi nakaribia, aliwaambia watoto wake mwezi wa pili, na siku hiyo nataka mkaza mwanangu akae mbele karibu na jeneza, alie kama watu. Wakamwambia mama usiseme hivyo. Akasema atasema, ng'ombe ni wake na jeneza litakuwa lake.

Kila mtu pale alijua anazungumzia nini. Miaka miwili iliyopita Filemon, mdogo wake Leodegar, alianguka kutoka kwenye mgrevilea akipunguza matawi, akafa hapohapo. Ndelilio alipoolewa, Filemon alikuwa na miaka saba. Ni yeye aliyemwogesha, akamshonea vifungo, akamfungia kiporo cha shule. Siku ya mazishi alikaa mbele, mahali pake, na shangazi mmoja wa upande wa mjane, aliyetoka mbali na asiyemfahamu, akauliza kwa sauti ya kusikika: yule mama anacheka nini? Watu wakaguna. Mzee mmoja wa ukoo akamwinamia Ndelilio, akamwomba kwa heshima zote akawasaidie wanawake kule nyuma jikoni. Akaenda. Alimenya ndizi mpaka nyimbo zikaisha na kaburi likafunikwa, na udongo hakutupa. Leodegar alikuwa amekaa hatua kumi kutoka hapo, na hakufungua mdomo. Jambo hilo hawakuwahi kulizungumza, na lilimuuma Leodegar kila alipoiona kanga ile ikivutwa shavuni.

Sasa suala la usingizi likawa la kijiji. Victoria, binti yao anayekaa Shirimatunda, alisema kwenye simu achukue kamili, aamke kazi imeisha, asijipe stresi. Mwenyekiti wa jumuiya alimjua mtu aliyepewa ule mwepesi akataja siri zake zote mbele ya manesi. Bibi Margareta alisikiliza maelezo mara mbili, halafu akauliza, mtu akilala nusu, ile nusu nyingine inafanya nini?

Jumatano jioni, wakichambua kahawa, Leodegar alisema la moyoni. Si mtu wa maneno, kwa hiyo yalitoka moja moja.

"Mimi naona huo mwepesi. Nataka ubaki hapahapa duniani."

"Nikibaki nitasikia."

"Amesema hakuna maumivu."

"Maumivu sikumbuki, Baba Victoria. Nakumbuka mikono."

Akamweleza, na katika miaka thelathini na tatu ya ndoa ilikuwa mara ya kwanza. Alikuwa na miaka sita alipoangukia sufuria la ndizi zikichemka. Kule zahanati, kila siku ya kubandua bandeji, wanaume wanne walimshika, wawili mikono, wawili miguu. Walikuwa watu wema, mmoja wao baba yake mdogo. Wakiwa wamemkandamiza walizungumza juu ya kichwa chake habari za bei ya ng'ombe sokoni, na yeye analia, na wao wanabishana fahali au mtamba. Mpaka leo akisikia wanaume wanajadili bei huwa anatoka nje. Hataki kusikia sauti za watu juu ya kichwa chake tena, hata kwa mbali, hata kama redio ya jirani.

Leodegar akasema basi, iwe kamili. Akaongeza kwamba atauliza tena kama ataamka, na wamvumilie.

Alhamisi asubuhi Ndelilio alimpigia Mikidadi simu kumpa jibu. Mikidadi akampa masharti, akamtaka ayarudie neno kwa neno. Mwisho wa kula, saa nne za usiku. Baada ya hapo hakuna ugali, hakuna ndizi, hakuna uji, hakuna chai, hakuna maziwa, hakuna soda. Asubuhi hata maji hapana. Ndelilio aliyarudia kama katekisimu, na usiku ule alikula mtori saa mbili akaosha bakuli na kuligeuza kabisa ili asijaribiwe.

Saa kumi na moja alfajiri, Leodegar akiwa na tochi na mfuko wa nguo, walimkuta Bibi Margareta amesimama kwenye njia ya kutokea kihambani, kati ya migomba yao. Mkononi ana kata ya mbege. Aliipika mwenyewe wiki hiyo, pombe ya ndizi na ulezi, kwa ajili ya asubuhi hiyo. Katika nyumba ile hakuna mtu aliyewahi kutoka kwenda kwenye jambo zito bila kubarikiwa. Victoria alibarikiwa akienda kufanya mtihani, Filemon akienda kuchumbia. Bibi akaonja kwanza, akapuliza matone kuelekea mlimani, akamwomba Ruwa, Mungu wa wazee wao, awatangulie hao wenye visu. Halafu akampa mkaza mwanawe kata. Ndelilio akapiga goti, akainywa yote, maana kata ya baraka hairudishwi na kitu ndani. Leodegar alishika tochi ili isimwagike.

Msimcheke. Masharti ya Mikidadi alikuwa nayo yote kichwani, na alikuwa hajavunja hata moja. Mikidadi alikataza chakula na vinywaji. Baraka hakuitaja.

Pale hospitali nesi alimuuliza umekula, akasema hapana. Akamuuliza umekunywa, akasema hata maji. Akatia saini, akavalishwa gauni la kufungwa mgongoni linaloacha nusu ya mwili kwenye upepo, akalazwa kwenye kitanda cha magurudumu. Leodegar alibeba viatu vya mke wake kifuani kama mtu aliyepewa mtoto. Mikidadi akaja, akamsabahi, akamwomba afungue kinywa apime nafasi ya kupitisha mpira. Akainama. Akainuka. Akainama tena, polepole zaidi.

"Mama, umekunywa pombe?"

"Sijanywa pombe."

"Na hii harufu?"

"Hiyo ni baraka."

Mikidadi pombe haijui mdomoni, lakini amezaliwa Moshi na pua anayo. Akauliza baraka ya kiasi gani. Kata moja. Imejaa? Ndelilio akasema mama mkwe wake hajawahi kutoa nusu. Mikidadi akavua kofia yake ya kijani, akajikuna kichwa, akaivaa tena. Hakukasirika, ila alionekana mtu aliyeponea chupuchupu. Akawaeleza taratibu kwamba mbege ile ni uji, na mtu aliyelala kwa dawa, iwe kamili iwe nyepesi, tumbo linaweza kurudisha kilichomo kikaingia kwenye mapafu. Hapo hata yeye asingeweza kumjibu Leodegar lile swali lake.

Daktari Shamsia alipoambiwa, alikuja na mikono ikiwa bado inadondosha maji. Huyu alikasirika.

"Mzee, na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, Daktari."

"Ukafanya nini?"

"Nilishika tochi."

Nesi mmoja akageukia ukutani, mabega yanatikisika. Muda si mrefu korido nzima ikawa na habari kwamba yule mama wa urembo amekuja amelewa, na kila aliyepita na toroli alipunguza mwendo ili amwone. Ndelilio alijifunika shuka mpaka puani. Hapo alipojilaza hakuna kanga, na pembe ya mdomo wake ilikuwa juu kama kawaida, kwa hiyo waliochungulia walimwona anacheka.

Hali ikawa hivi. Kungoja mpaka tumbo liwe tupu haiwezekani, itafika alasiri, na ndege ya daktari inaondoka mchana. Usingizi wowote leo hakuna. Kuna mambo mawili tu: arudi nyumbani asubiri safari nyingine ya daktari, baada ya mvua, au afanyiwe kwa sindano ya ganzi peke yake, macho wazi, akili zote mahali pake. Ganzi itachomwa kwenye mishipa ya maumivu, daktari alisema, nyama za uso zitabaki zinamtii. Akasema aamue ndani ya dakika kumi, kuna mtoto wa mdomo sungura anasubiri.

Leodegar alikuwa ameshaanza kufungua mfuko wa nguo. Twende nyumbani, alisema, haya ni makosa yangu, tutarudi. Ndelilio alikuwa anawaza njia ya kurudi, na kila mtu atakayewapokea pale njiani aone shavu lilelile. Alikuwa anamwaza Bibi Margareta, ambaye mvua zikiisha huenda atakuwepo na huenda hatakuwepo. Na alikuwa anaogopa mpaka vidole vya miguu vimekufa ganzi bila sindano. Kisha akashusha shuka kutoka puani, akamwita Mikidadi.

"Watakaonishika ni wangapi?"

"Kukushika kivipi, mama?"

"Mikono na miguu."

Mikidadi amewalaza watu miaka ishirini na miwili, anajua swali linalouliza jambo jingine. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Hakuna wa kukushika. Mikono yako utaiweka mwenyewe unapotaka. Ukisema basi, daktari anaweka kisu chini, hata kama amefika nusu. Mimi leo huna kazi ya kunipa, kwa hiyo nitakaa hapo kichwani pako, na mtu akitaka kuzungumza atazungumza na wewe."

Ndelilio akaiweka mikono yake juu ya shuka. Akasema haya, wafanye.

Leodegar akamuuliza kama ana uhakika. Akamwambia hana, aende akakae nje. Mzee akatoka, na kwa aibu kubwa akagundua kwamba yeye amefurahi. Mke wake hatazimwa. Atakuwa ndani ya chumba kile, macho wazi, hapahapa duniani. Alikaa kwenye benchi, viatu vya mke wake mapajani.

Bwana mmoja aliyekaa mwisho wa benchi akamuuliza, kwa ile sauti ya mtu anayetaka kuchangamsha kikao, kama eti ni kweli kuna mama ameletwa kutengenezwa sura na amelewa. Wengine wakasogeza masikio. Leodegar alikuwa na nafasi ya kuangalia viatu, na safari hii alikuwa na jozi mbili za kuchagua.

"Ni mke wangu," alisema, na alisema kwa nguvu kiasi kwamba hata karani wa mapokezi aligeuka. "Hajalewa. Mama yangu amembariki. Na ana kovu, hajaja kutafuta sura."

Yule bwana akasema samahani mzee, shikamoo. Leodegar akasema marahaba. Moyo ulikuwa unamwenda mbio kama mwizi, na alijisikia vizuri sana.

Ndani, sindano tatu za kwanza ziliuma, asikudanganye mtu. Baada ya hapo shavu likaondoka. Ndelilio alisikia kila kitu: vyuma kwenye trei, mkasi, daktari akiomba uzi. Alisikia kukatwa, bila maumivu, kama kitambaa kinachopasuliwa chumba cha pili. Mara mbili mikono yake ilikakamaa kwenye shuka, na mara zote mbili hakuna aliyeigusa. Mikidadi alikaa kwenye kigoda chake akamuuliza kahawa ya mwaka huu ikoje, na kama kweli Kilema kuna baridi kuliko wanavyosema, na mama mkwe ana miaka mingapi. Ndelilio alimjibu kwa nusu ya mdomo. Alipofikia habari za lile jeneza Mikidadi alicheka mpaka daktari akamwonya asitikise kitanda.

Ikafika saa ya kupima. Daktari Shamsia akaweka nyuzi za kushikiza, akavuta taa karibu, akamwambia atabasamu. Ndelilio akatabasamu, na ilimchukua muda, maana hakuwahi kuhitaji kuanzisha tabasamu mwenyewe. Daktari akapunguza uzi mmoja. Akamwambia afunge mdomo. Sawa. Halafu akamwambia ashushe, auonyeshe uso wa huzuni.

Ndelilio akajaribu. Hakuna kilichotokea, alibaki ananyanyua nyusi.

"Fikiria uko msibani, mama," daktari alisema.

Hapo akamjia Filemon. Hakuja yule mtu mzima wa kwenye jeneza, alikuja mtoto wa miaka saba, shati halina kifungo cha juu, amesimama mlangoni asubuhi ya kwanza ya ndoa yake, anauliza kama shemeji huyu mpya anajua kupika uji. Machozi yakamtoka Ndelilio kabla hajajua. Yalimpita masikioni, na koo likatoa sauti ambayo alikuwa ameifungia kule jikoni kati ya maganda ya ndizi. Nesi alinyoosha mkono na pamba. Daktari akamzuia.

Pembe zote mbili za mdomo zilikuwa zimeshuka, ya kulia na ya kushoto, sawasawa. Watu wanne walisimama chini ya taa ile kali wakamtazama Ndelilio akilia, na hakuna aliyemuuliza anacheka nini. Mikidadi alikuwa ameinama, midomo yake inasema kitu cha dua kimyakimya.

"Vizuri sana, mama," Daktari Shamsia alisema. "Nimeona. Zinalingana kabisa. Sasa inatosha, unaweza kupumzika nimalizie kushona."

"Bado, Daktari," Ndelilio alisema. "Nisubiri kidogo. Sijamaliza."

Daktari aliangalia saa ya ukutani. Halafu akaiweka sindano kwenye trei, akakunja mikono, akamsubiri.